Marcus Aurelius na busara zake zote, ilikuwaje akamwachia Commodus dola?

Karani wa Mwaloni

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni karani wa mizigo hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, upande wa dagaa. Mchana kutwa naandika magunia yanayopakiwa kwenda Kongo na Zambia, jioni nashinda kijiweni kwa muuza kahawa, na huko ndiko ubishi huu ulikoanzia. Jamaa mmoja kaangalia filamu ya Kirumi iliyotafsiriwa na hawa madijei wetu, akashikilia kwamba Commodus alimkaba baba yake mpaka akakata roho, eti kwa sababu mzee alitaka kuwarudishia raia madaraka. Nikamwambia hiyo iache hukohuko kibanda umiza. Marcus Aurelius alikufa tarehe 17 Machi 180 akiwa vitani kule kwenye mto Danube, umri miaka 58. Commodus alikuwa ameshakalia kiti pamoja na baba yake tangu 177. Mtu haibi alichokwisha kupewa.

Ubishi nikaushinda, ila kuna jambo limebaki linanikereketa.

Hebu fuatilieni. Nerva alimchukua Trajan akamfanya mwanawe. Trajan akafanya hivyo kwa Hadrian, Hadrian kwa Antoninus Pius, Antoninus kwa Marcus. Wanne mfululizo, kila mmoja anamwachia mtu asiyemzaa. Kuanzia 96 hadi 180 hakuna kaisari hata mmoja aliyeuawa, na kwa Roma hilo si jambo dogo. Halafu anakuja huyu, mwanafalsafa wa Kistoiko (wasomaji wa Biblia mtawakumbuka Wastoiko kwenye Matendo 17), mtu ambaye huko kambini anajiandikia kwa Kigiriki maneno ya kujionya: amka ukafanye kazi ya binadamu, leo utakutana na wenye kijicho na wasio na shukrani, usiwachukie. Mtu wa namna hiyo anamwachia dola kijana wa miaka 18, ambaye baadaye anashuka uwanjani kukata vichwa vya mbuni mbele ya watu.

Hakuona? Au aliona akashindwa? Na je, ni kweli kwamba kuporomoka kwa Roma kulianza siku ile? Naomba majibu ya waliosoma. Asije mtu na "damu nzito kuliko maji".

Sangara Mkavu

Damu nzito kuliko maji.

Samahani mkuu, nimeshindwa kujizuia. Ila waangalie matajiri wetu wa mitumbwi hapahapa ziwani. Mzee ana mitumbwi kumi na injini zake, ana nahodha aliyemtumikia tangu enzi za karabai za mafuta ya taa, na ana kijana anayeshinda Makoroboi kwenye pikipiki. Mzee akifa, mitumbwi inakwenda kwa nani? Usimwonee bure Mzungu wa watu.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi

Karani, mwanangu, umeuliza vizuri, ila ule mlolongo umeusoma kama utaratibu wa nchi. Haukuwa utaratibu. Nerva hakuwa na mtoto. Trajan hakuwa na mtoto. Hadrian hakuwa na mtoto. Antoninus alizaa wana wawili, wote akawazika kabla hajaitwa kaisari. Nionyeshe katika hao mmoja tu aliyekuwa na mwana hai akamruka akamchukua wa nje. Hayupo. Walichagua kwa sababu nyumba zao zilikuwa tupu, na sisi wa baadaye tukaja kuusifia utupu ule tukauita hekima.

Niseme kabisa kwamba haya sikuyafundisha darasani. Kwenye muhtasari wetu Roma ilikuwa mfano wa mfumo wa utumwa, unaandika ubaoni, ukabaila unafuata, wiki ijayo mko kwa Wareno. Nimeyasoma nikiwa nimeshastaafu, muda ninao.

Tatizo lenyewe lilianza kwa Augustus. Alipojijengea ile nafasi alijifanya si mfalme. Seneti aliiacha, vyeo vya zamani akaviacha, yeye akajiita raia wa kwanza tu. Sasa mfalme asiyekiri ufalme ataandikaje sheria ya kurithi ufalme? Hakuandika, na waliomfuata hawakuandika. Kila kaisari alipokufa swali lilianza upya, na aliyeshika jibu mkononi alikuwa jeshi.

Mweke Marcus hapo. Mkewe Faustina alimzalia watoto wasiopungua 13. Wengi waliwazika wangali wadogo. Commodus alizaliwa pacha, tarehe 31 Agosti 161, na mwenzake hakukua. Mdogo wake, Annius Verus, akafa 169 baada ya kupasuliwa uvimbe chini ya sikio. Katika wana wote akabaki huyo mmoja. Tuseme Marcus anamruka. Kijana ataishi wapi? Mwana wa kaisari aliyenyimwa kiti ni bendera inayosubiri wa kuibeba. Jenerali yeyote mwenye kinyongo angemfuata, na kaisari mpya, hata angekuwa malaika, angelazimika kumuua mapema. Kumruka Commodus maana yake ilikuwa kumchinja au kuipigania Roma mitaani.

Na hili hakulisoma kwenye falsafa, lilimpata. Mwaka 175 zilifika habari mashariki kwamba Marcus amekufa. Avidius Cassius, gavana wa Syria, yule ambaye majeshi yake yaliuchoma mji wa Seleucia kwenye vita vya Waparthi, wale mahasimu wa Roma upande wa mashariki, akajitangaza kaisari. Syria ikamfuata, Misri ikamfuata, na Misri ndiko ilikotoka ngano ya kulisha Roma. Ilidumu miezi mitatu hivi, askari wake mwenyewe wakamuua, kichwa wakakipeleka kwa Marcus. Marcus akakataa kukitazama, akaamuru kizikwe, na barua za Cassius zikachomwa bila kusomwa ili asijue nani mwingine alikuwemo.

Watu wote hupenda kuishia hapo, kwenye ule msamaha. Mimi natazama alichomfanyia mtoto. Mwaka huohuo Commodus anaitwa kutoka Roma mpaka Danube, anavishwa vazi la mtu mzima. Mwaka unaofuata anaingia na baba yake kwenye shangwe za ushindi. 177 ni kaisari kamili. Katika miaka miwili, kijana wa miaka 13 amekuwa mtawala wa dunia yao akiwa na 15. Cassius alimwonyesha kiti kinavyogombewa mwenyewe akiwa bado hai. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba aliona, na akachagua kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ile haikuwa ndoto ya mzazi, ilikuwa hesabu ya mwanajeshi.

Halafu Sangara, kabla hujaja na lako kwamba ngano ya Misri ilinyweshwa na ziwa letu: mafuriko yaliyorutubisha mashamba yale yalitoka zaidi milima ya Ethiopia. Letu ni lile tawi jingine, Nile Nyeupe, linalotokea Jinja.

Sangara Mkavu

Mwalimu umenikata kabla sijafungua mdomo. Ila Ptolemaio wa Alexandria, mtu wa zama hizohizo, aliandika kwamba Nile inatoka kwenye maziwa. Kwa hiyo walitusikia, hata kama hawakufika.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mnazungumza kiti na mrithi, mgonjwa mkubwa mmemsahau.

Vita vya Waparthi vilipokwisha, askari walirudi na maradhi. Kuanzia 165 na 166 yakasambaa kutoka mashariki mpaka Roma na kwenye kambi za Danube. Galen, daktari aliyekuwepo, ameandika dalili: homa, kuharisha, koo kuuma, vipele vinajaa mwili mzima, vinageuka vyeusi, vinakauka na kubanduka. Wengi wanaosoma maelezo yake wanaona ndui. Mimi kazini sijawahi kukutana na ndui, ilitangazwa kutokomezwa duniani 1980, lakini bibi yangu wa Ukerewe alikuwa na mashimo yake usoni na hakupenda kuulizwa. Galen mwenyewe aliondoka Roma 166 akarudi kwao Pergamon, sasa sema wewe kama alikimbia au alikwenda kusalimia. Baadaye makaisari walimwita kambini Aquileia, kaskazini mwa Italia, akakuta watu wanakufa majira ya baridi.

Idadi ya waliokufa ni makadirio, wapo wanaosema milioni tano, wapo wanaosema kumi. Nasema tu kile ambacho wodi yoyote inakijua: ugonjwa wa namna hiyo hauchagui wazee peke yao, unabeba mkulima, unabeba askari, unabeba mlipa kodi. Wakati huohuo Marcomanni na Quadi, makabila ya Kijerumani, wanavuka Danube, wanashuka mpaka Italia, wanaizingira Aquileia. Marcus anaandikisha watumwa na wapiganaji wa viwanja vya michezo wawe askari. Inasimuliwa kwamba alitoa vyombo vya ikulu, vikombe vya dhahabu, mpaka nguo za hariri za mkewe, vikapigwa mnada kwenye uwanja wa Trajan kwa miezi miwili, ili asiwaongezee watu kodi. Kaisari anauza vikombe! Halafu mnauliza kuporomoka kulianza lini.

Na maradhi yalirudi. Mwaka 189, chini ya huyo Commodus wenu, Roma ilifika kuzika watu 2,000 kwa siku.

Msomaji wa Matendo

Karani kanigusia Matendo kwa hiyo naingia. Msimpambe sana huyo mzee. Justin, aliyekuwa mwanafalsafa na Mkristo, alikatwa kichwa Roma karibu na 165, na hakimu aliyemhukumu ni Junius Rusticus, mwalimu wa Marcus, yuleyule aliyempa maandishi ya Epictetus, Mstoiko mwenzao. Yaani mtu anamsomesha kaisari maneno ya Epictetus, ambaye alikuwa mtumwa, halafu anakwenda kazini kukata watu vichwa. Na Lyon, 177, mwaka uleule Commodus anapewa kiti, Wakristo waliuawa uwanjani.

Ng'wana Magu

Mwalimu, heshima yako iko palepale, ila hapo pa "angelazimika kumuua" nakataa.

Nendeni Bujora, pale Kisesa, mkatazame ngoma na viti vya watemi, halafu muulize wazee mtemi alipatikanaje. Kwa Wasukuma wa zamani mwana wa mtemi hakuwa mrithi. Mrithi alitafutwa kwa watoto wa dada zake mtemi, na waliomtafuta walikuwa wanang'oma, wazee wa baraza. Mtoto wa kumzaa alikua akijua tangu ananyonya kwamba kiti si chake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuua, maana hakuna aliyemtegemea. Mambo ya baba kumwachia mwana yalikuja kushika nguvu wakati wa ukoloni, na 1963 serikali ikaufuta utemi wenyewe.

Kwa hiyo jambo liliwezekana kwa binadamu. Roma ilikuwa na mawakili, ilikuwa na seneti, ilikuwa na mwanafalsafa kitini miaka 19. Alishindwa nini kuketi na hao wazee wakaandika kwamba kuanzia leo inakuwa hivi?

Karani wa Mwaloni

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili, nashukuru, ila Ng'wana Magu kanifungulia njia.

Marcus huyuhuyu, alipopewa kiti 161, alikataa kukalia peke yake. Aliitaka seneti impe na Lucius Verus, ndugu yake wa kulelewa, cheo kilekile. Roma haikuwahi kuwa na makaisari wawili sawasawa kabla ya hapo. Kumbe alijua kugawana. Verus alipokufa 169, mjane wake Lucilla, binti wa Marcus, aliozwa Claudius Pompeianus, jenerali mzoefu, mtu mzima. Mkwe wa kaisari huyo, yumo ndani ya nyumba! Kwa nini 177 asiwaweke wawili, kijana na shemeji yake? Mtoto angepata wa kumshika mkono, jeshi lingepata mtu wa kulijua.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi

Marahaba mwanangu.

Naanza na Ng'wana Magu. Nakubali, na umenifundisha namna ya kulisema. Desturi yenu ilimkinga mtoto kwa sababu ilikuwepo kabla hajazaliwa. Marcus angeitunga mwanawe akiwa tayari ana jina la Caesar, yaani cheo cha mrithi, alipewa mwaka 166 akiwa na miaka mitano. Sheria inayotungwa mtoto akiwa amesimama mlangoni, kila mtu anajua imemlenga nani. Na seneti unayoisema ingeandika lolote, legioni, yaani vikosi vya jeshi, ndizo zisingesoma. Alikuwa na muda mwanzoni, kabla ya tauni na kabla ya Danube. Hapo namlaumu pamoja nawe.

Pompeianus sasa. Karani, huyo ni mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hizi, asante kwa kumtaja. Asili yake ni Antiochia, Syria, na baba yake hakuwa hata wa ngazi ya seneti. Ndoa ile Lucilla mwenyewe hakuitaka, na mama yake Faustina hakuitaka: mume mzee, tena wa ukoo mdogo. Ikaja 175, na Cassius naye alikuwa mtu wa Syria. Baada ya pale Marcus aliamuru gavana asitawale tena mkoa aliozaliwa. Kumpandisha Msyria mwingine awe kaisari miaka miwili baadaye, akiwa na mke anayejiona malkia tangu enzi za Verus, ingekuwa kumwekea Commodus mshindani chumba cha pili. Hivyo alimwacha kama mshauri. 180, mzee alipofumba macho, Pompeianus alimsihi kijana amalize vita. Kijana akafanya mapatano, akarudi Roma kwenye raha. Mapatano yenyewe hayakuwa mabaya, tuseme ukweli.

Lucilla hakukaa kimya. Mwaka 182 alipanga njama ya kumuua kaka yake. Aliyepewa jambia, badala ya kuchoma, akalinyanyua akaanza kuhutubia kwamba seneti imemletea zawadi hii. Walinzi wakamkamata bado anahutubia. Lucilla akapelekwa uhamishoni kisiwa cha Capri, jina lilelile la mtaa wetu wa wakubwa pale ufukweni, akauawa.

Wale mbuni ni kweli. Cassius Dio alikuwa seneta, alikuwa amekaa pale. Anasema Commodus alikuja mbele yao na kichwa cha mbuni mkono mmoja na upanga wenye damu mkono wa pili, akitikisa kichwa na kutabasamu bila neno. Kilichowapata maseneta ni kicheko. Dio akachuma majani ya taji lake akayatafuna, akawaambia wa karibu wafanye hivyo, ili wasionekane wanacheka wakafa. Dio huyohuyo, mwambie yule jamaa yako wa kahawa, ndiye aliyeandika kwamba madaktari walimmaliza Marcus ili wamfurahishe Commodus. Uvumi wa baba kuuawa ni wa kale kuliko filamu zote. Mimi siuamini, ila hakuutunga mtu wa jana.

Kuhusu kuporomoka nitasema kifupi. Commodus alinyongwa tarehe 31 Desemba 192 na mwanamieleka aliyekuwa akifanya naye mazoezi. Machi 193 walinzi wa kaisari walimuua Pertinax aliyemfuata, wakakipiga kiti mnada, Didius Julianus akashinda kwa kuahidi kila askari sesterti (sarafu zao) 25,000, akadumu siku 66. Septimius Severus, mtu wa Leptis Magna, Libya ya leo, akaingia na legioni zake na kuwapandishia askari mishahara, mwanawe akapandisha tena. Pesa ikatoka wapi? Walipunguza fedha ndani ya sarafu, mpaka miaka ya 260 sarafu ikawa shaba iliyopakwa rangi ya fedha. Kati ya 235 na 284 walipita makaisari zaidi ya 20. Ukitafuta ufa, mimi nauona hapo, kwenye bei ya askari. Commodus aliukuta na kuupanua, na mnada wa vikombe aliousema Nesi ulikuwa dalili yake ya kwanza.

Lakini kuporomoka ni neno la haraka mno. Kaisari wa mwisho wa magharibi aliondolewa 476, miaka 296 baada ya Marcus. Rudi nyuma miaka kama hiyo kutoka leo, unawakuta Wareno wakifukuzwa mara ya mwisho Mombasa, 1729. Na upande wa mashariki, Constantinople, uliendelea mpaka 1453.

Nimeahidi Pompeianus nikapotea. Muda mwingi wa Commodus alikaa shamba, mjini alikuja kwa nadra sana, akisema uzee umemzidi na macho hayaoni. Commodus alipouawa akatokea mjini, Dio akamwona, anaona vizuri na afya anayo, Pertinax akamketisha karibu naye kwa heshima. Pertinax akauawa. Julianus alipomwomba watawale pamoja, Pompeianus akajibu kwamba yeye mzee, na macho yake hayafai.

Sangara Mkavu

Huyo ndiye nahodha wangu.